Wembe wa kukunja: umeshajua kunyoa ila bado unavuta na shingo inawaka, mwongozo kamili wa kutoka hapo

Kuna swali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona niliandikie jibu lake lote sehemu moja. Mtu ameshanunua wembe wa kukunja, ule wa kunoa, sio ule wa kuweka kiwembe ukatupa, ameshanyoa mwezi mmoja au miwili, mashavu anayaweza, hajikati ovyo tena, lakini wembe unavuta ndevu badala ya kukata, shingo inawaka siku mbili na vipele vinarudi palepale. Wengi hapo ndo wanarudi kwenye mashine na wembe unaishia kabatini unakula kutu, na inaniuma kwasababu walikua wamebakiza kidogo sana.

Kwa wengi niliowaona mkono hauna shida. Shida iko kwenye mkanda wa ngozi wa kupigia wembe na kwenye maji, vitu viwili vinavyofanyika kabla wembe haujagusa uso, kwahiyo huko ndo nitakaa sana. Kama hujawahi kushika wembe huu kabisa, huu mwongozo sio wa kuanzia, anza kwanza mashavu tu kwa wiki kadhaa alafu urudi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Wembe wako mmoja. Upana wa sehemu tano ya nane ya inchi, yaani karibu milimita 16, unatosha kabisa. Uwe umetoka Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza au China haijalishi kwa sasa, muhimu uwe umeshanolewa sawasawa angalau mara moja na mtu anayejua.
- Mkanda wa ngozi wa kupigia wembe. Kama huna, mkanda mpana wa suruali wa ngozi halisi unafaa, upande usio na mshono wala nakshi. Ngozi ya plastiki hapana.
- Kipande cha turubai au jinzi ngumu, safi.
- Sabuni ya kunyolea, ya fimbo au krimu ya tyubu, na brashi. Sabuni ya mche acha ifue nguo.
- Jiwe la shabu, la kupaka usoni baada ya kunyoa. Maduka ya dawa za asili sokoni wanayo, bei yake ndogo.
- Taulo dogo, karatasi laini za kufutia, mafuta ya cherehani, spiriti ya asilimia 70.
- Daftari dogo au simu ya kuandikia.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Wembe huu ni wako peke yako, sio wa kaka, sio wa rafiki aliyekuja kulala. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai siku 7 au zaidi kwenye kitu kikavu, na VVU navyo vinapita kwa damu mbichi iliyobaki kwenye makali. Ukinunua wembe uliotumika, uoshe kwa sabuni na mswaki mpaka kwenye maungio ya mpini, uloweke makali kwenye spiriti, upelekwe kunolewa upya, alafu ndo uuite wako.

## Hatua ya 1: Acha kubadilisha vitu kwa wiki mbili

Wembe mmoja, sabuni moja, mkanda mmoja. Ukibadilisha sabuni leo na kesho ukaongeza mapigo ya mkanda, shingo ikitulia hutajua kilichosaidia ni kipi.

Nyoa kila baada ya siku mbili, na kama huwa unapata vipele fanya siku tatu. Kila ukimaliza andika mistari miwili mitatu: mkanda umepiga mara ngapi, wembe umevuta wapi, shabu imeuma wapi. Basi.

Utajua imefanya kazi ukifika mara ya tano au ya sita, utaona sehemu ileile inajirudia kwenye daftari. Mimi ilikua chini ya taya upande wa kushoto, kila siku palepale, na bila kuandika ningeendelea kusema tu "shingo yangu ina ngozi laini".

## Hatua ya 2: Jua ndevu zinalala upande gani

Acha ndevu siku mbili tatu. Pitisha kidole taratibu, upande ambao kidole kinateleza ndo ndevu zinakolala, upande unaokwaruza ndo kinyume. Kama kidole hakikuambii kitu tumia pamba, itanasa ukienda kinyume.

Chora uso kwenye karatasi na uweke mishale. Usifanye kwa kukisia. Kwenye mashavu karibu watu wote ndevu zinashuka chini, lakini shingoni mambo yanabadilika, kuna mtu zinapanda juu kuanzia kwenye kikoromeo, kuna mwingine zinalala pembeni kuelekea sikio, na kuna wenye kizunguko kabisa kama cha utosini. Mtu anashusha wembe kutoka juu kwenda chini shingo nzima akidhani anafuata ndevu kumbe nusu ya shingo anaikwangua kinyume, alafu analaumu wembe.

Ubandike huo mchoro kwenye kioo. Baada ya wiki mbili hutauhitaji.

## Hatua ya 3: Mkanda, na hapa usiharakishe

Makali ya wembe ni membamba sana, ukinyoa yanapinda na kuchakaa kidogo kidogo kwa namna ambayo jicho haliwezi kuona. Mkanda haunoi kama jiwe, kazi yake ni kuyasafisha na kuyanyoosha makali yarudi kwenye mstari. Ukipiga vizuri wembe unakata miezi kadhaa bila kuona jiwe. Ukipiga vibaya unauharibu kila asubuhi kwa mkono wako mwenyewe, na hicho ndicho kilichonipata mimi miezi mitano ya mwanzo. Nilikua nakandamiza. Nilidhani nguvu ndo inaleta makali, mkanda ukawa unapinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na makali yakawa ya mviringo badala ya kuchongoka. Mzee mmoja kinyozi pale Tanga ndo aliniona nafanya hivo akanishika mkono, akanionyesha wembe unapitishwa tu, hausuguliwi.

Fanya hivi:

1. Funga mkanda kwenye kitu imara, kitasa cha mlango au ndoano ya ukutani, uuvute mpaka ukaze. Ukiweka wembe juu yake mkanda usishuke. Kama unashuka, utandike juu ya meza mbao ikiwa chini yake, ni sawa pia na kwa anayejifunza naona ni bora zaidi.

2. Laza wembe flati, mgongo na makali vyote vinagusa ngozi kwa wakati mmoja. Mgongo ndo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Makali yakitangulia hata mara moja utaukata mkanda.

3. Usukume taratibu mpaka mwisho. Ukifika, simama kabisa. Alafu uviringishe wembe juu ya mgongo wake, makali yanapita hewani, mgongo hauinuki kwenye ngozi. Ndo urudi.

Hiyo namba 3 ndo watu wanakosea. Wanageuza wembe kabla haujasimama, makali yanagusa ngozi yakiwa yamesimama wima na yanaumia palepale. Kwahiyo useme kimoyomoyo: sukuma, simama, geuza, rudi. Uviringishaji unatoka kwenye vidole, kidole gumba na cha shahada vinazungusha shingo ya wembe, kiganja hakipinduki.

4. Kama mkanda ni mwembamba kuliko wembe, na mkanda wa suruali ni hivo siku zote maana makali ya wembe yana urefu wa sentimita saba na kitu na mkanda una upana wa nne, basi upitishe kwa mshazari. Unaanza kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa mpini, kikiwa juu ya ngozi na unamaliza ncha ikiwa juu ya ngozi. Usipofanya hivo ncha haipati kitu, na ncha ndo unayoitegemea juu ya mdomo.

5. Turubai kwanza, kwenda na kurudi mara 20. Alafu ngozi, kwenda na kurudi mara 40. Ukichoka simama. Mapigo 25 ya utulivu ni bora kuliko 60 ya kukimbia, na ile kasi unayoiona vinyozi wanafanya ni mazoea ya miaka, haiongezi makali hata kidogo.

Angalizo: ukiukata mkanda kidogo usiutupe. Lainisha ukingo wa mkato kwa msasa laini, hata namba 400, mpaka kidole kisinase. Mkato mkubwa unaogeuza mdomo wa ngozi juu, hapo ndo mkanda umekwisha maana utakua unakwangua makali kila unapopita.

Unajuaje imekubali: sauti. Mkanda ukipigwa sawa unatoa sauti moja ya chini, ileile kwenda na kurudi, kama mtu anafagia sakafu taratibu chumba cha pili. Ukisikia mlio upande mmoja na kimya upande wa pili, upande mmoja mgongo umeinuka. Alafu pima kwa nywele za mkononi, pitisha wembe juu ya ngozi bila kugusa, nusu sentimita hivi, unapaswa kudondosha nywele moja moja. Upime kisigino, katikati na ncha, sio katikati tu. Usipime kwa ukucha wala kwa kidole gumba, utaharibu ulichokijenga.

## Hatua ya 4: Maji kwanza, povu baadae

Unywele mkavu wa ndevu ni mgumu mno. Ukiloa maji dakika tatu hivi unavimba na kulainika na wembe unahitaji nguvu ndogo sana kuukata. Sabuni kazi yake ni kuyashikilia yale maji yasikauke na kuupa wembe utelezi, kulainisha ni kazi ya maji.

Kwahiyo oga kwanza, au weka taulo la maji ya uvuguvugu usoni dakika tatu kwa saa, sio kwa kukisia. Maji ya moto sana hayahitajiki, yanaifanya ngozi iwe nyekundu na laini kupita kiasi.

Sasa hili la maji lisikilize kama uko Dar au popote unapotumia kisima. Maji mengi ya visima yana chumvi na madini, na hayo madini yanashikana na sabuni yanafanya utando badala ya povu. Niliishi nyumba moja Kigamboni nikawa nabadilisha sabuni kila mwezi, zote naziona mbovu, povu linakufa kabla sijamaliza shavu la kwanza. Siku nikatumia maji ya mvua yaliyokua kwenye ndoo, sabuni ileile ikatoa povu zito kama mtindi. Tangu hapo nina chupa ya maji ya mvua bafuni, robo lita inatosha kunyoa mara moja. Hata maji ya kunywa ya dukani ni sawa.

Kutengeneza: loweka brashi dakika mbili, ikung'ute isidondoshe. Sugua kwenye sabuni nusu dakika mpaka uji mzito ukae kwenye nywele za brashi. Alafu hamia kwenye bakuli au usoni moja kwa moja, ongeza maji matone matatu, zungusha, matone matatu tena, zungusha. Watu wanaacha mapema. Povu linalojaa mapovu makubwa limezidi maji au sabuni ni kidogo, na povu kavu linalosimama kama krimu ya keki linapendeza machoni ila halitelezi.

Povu zuri linang'aa, mapovu huyaoni, na ukiliweka kati ya vidole viwili ukaachanisha linateleza. Kama baada ya dakika mbili usoni bado limelowa, uko sawa.

## Hatua ya 5: Pembe na mkono mwingine

Laza wembe flati kwenye shavu. Inua mgongo mpaka nafasi kati ya mgongo na ngozi iwe sawa na unene wa migongo miwili. Hapo una kama digrii 30 na hapo ndo pa kunyolea. Ukiinua zaidi unakwangua, na ukifika digrii 45 na kuendelea unakata ngozi. Ukilaza sana, wembe unavuta nywele bila kuzikata.

Shida ni kwamba pembe inabadilika uso unapokunja, na mkono haujui. Mtu anaanza shavuni vizuri akifika kona ya taya mkono unaendelea njia ileile wakati uso umeshageuka, pembe inakua 50 bila yeye kujua. Kwahiyo kwenye kila kona simama, ondoa wembe, pima upya, endelea. Fanya mapito mafupi, sentimita mbili tatu.

Mkono wa pili ndo unafanya nusu ya kazi. Unaikaza ngozi nyuma ya wembe, kidole kiwe kikavu kisiteleze, pakaa shabu kidogo kwenye ncha za vidole kitashika. Ngozi ikilegea mbele ya wembe inajikunja na makali yanaingia kwenye mkunjo, karibu mikato yote inatoka hapo.

Uzito wa wembe peke yake unatosha. Ukijikuta unakandamiza, wembe haujapigwa mkanda vizuri, rudi hatua ya 3 hata kama uso umeshapakwa povu.

Na kitu ambacho hata wewe usiyekosea hapa unaweza kujifunza: tumia mkono wa kushoto upande wa kushoto. Wiki ya kwanza fanya kwa wembe uliofungwa, au mgongo wa wembe, huku ukijiangalia kwenye kioo. Wiki ya pili shavu tu. Ukivuka hapo shingo upande wa pili inakua rahisi sana maana huhitaji kujipinda mkono mbele ya macho yako mwenyewe.

## Hatua ya 6: Raundi ya kwanza

Fuata mishale yako. Mashavu, pembeni, taya, alafu shingo, alafu kidevu na juu ya mdomo mwisho, kwasababu ndevu za pale ni nene na zinahitaji muda mrefu zaidi kwenye maji.

Raundi ya kwanza haitakiwi iache uso kama wa mtoto. Inapunguza tu. Ukiona vinyweleo vimebaki vya milimita moja hapa na pale usivifukuze, ukirudia mahali ambapo povu limeshatoka unakwangua ngozi tupu, na nina hakika vipele vingi vinazaliwa dakika hiyo.

Kidevu: usikipitie kama shavu. Vuta mdomo wa chini juu ya meno, ngozi ikaze, piga vipande vidogo vidogo, kutoka pembeni kuja katikati. Juu ya mdomo, shusha pua kwa kuvuta mdomo wa juu chini, tumia theluthi ya wembe upande wa ncha, mapito mafupi kabisa. Wembe usitembee pembeni, yaani kwa urefu wake kama unakata mkate, hata milimita mbili. Pembeni ndo unakata ngozi, na unakata bila kusikia.

## Hatua ya 7: Shingo

Nimeitenga kwasababu hapa ndo wengi wanaanguka, na kwa sisi wenye ndevu za kujikunja kuna jambo la kuelewa kwanza. Unywele wetu unatoka umepinda. Ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ukikua tena unapinda ndani kwa ndani au unatoka kidogo ukarudi kuchoma ngozi pembeni, mwili unaona ni mwiba, unavimba. Hicho ndo kipele. Sasa wembe wa kukunja ukikaza ngozi sana na kunyoa kinyume unakata chini kabisa, unapata uso laini wa siku moja na vipele vya wiki.

Kwahiyo shingoni nenda hivi:

- Inua kidevu kidogo tu, usitupe kichwa nyuma. Ukikitupa ngozi inakazwa kupita kiasi.
- Kaza kwa kidole kwa upole, kiasi cha kuondoa mkunjo, sio kuivuta ngozi mpaka kifuani.
- Fuata ndevu, raundi moja. Kwa anayepata vipele raundi inaishia hapo, kabisa.
- Kikoromeo kisogeze pembeni kwa kuvuta ngozi kwenda kushoto, nyoa juu ya ngozi tambarare, alafu kulia. Kumeza mate na kushikilia pia kunasaidia kwa sekunde kadhaa.
- Pale chini ya taya, kwenye bonde, bonyeza shavu kwa juu, uvute ngozi ya chini ya taya ipande juu ya mfupa ndo uinyoe. Usizifuate nywele bondeni na wembe.

Hiyo ya mwisho ilinitatulia upande wangu wa kushoto wote. Miaka mingi nilikua nainamisha wembe kuufikisha bondeni, pembe inaharibika. Kumbe ngozi ndo inatakiwa ije kwa wembe.

Kama vipele vipo tayari: usivinyoe. Acha ndevu zikue wiki tatu mpaka nne, punguza kwa mashine tu, uvimbe ushuke ndo urudi. Usichimbue kwa sindano wala kukamua. Kama una historia ya makovu yanayovimba na kukua, yale ya keloidi, muone daktari wa ngozi kabla ya kuendelea na wembe wa aina yoyote, hili silisemi kwa kutisha, nimeona shingo ya mtu wa karibu ilivyoharibika.

Mafanikio ya shingo yapime kesho yake saa kama hiyohiyo. Pakiwa kimya, hapawashi kola ikigusa, umefaulu, hata kama kidole kinahisi vinyweleo kidogo.

## Hatua ya 8: Raundi ya pili, kwa anayeweza

Pakaa povu upya, jipya kabisa. Pita kwa upande, kukatisha ndevu, mashavu na taya. Kinyume kabisa cha ndevu mimi sipendekezi kwa mwenye nywele za kujikunja, na kwa mwenye nywele zilizonyooka asubiri angalau mwezi wa tatu tangu aanze, na raundi ya pili iwe imekua safi mara kumi mfululizo.

## Hatua ya 9: Baada ya kunyoa

Maji ya baridi usoni. Alafu lowesha jiwe la shabu na ulipitishe uso mzima, acha nusu dakika, osha. Shabu inakaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo midogo, ila kwangu thamani yake kubwa ni kwamba inasema ukweli. Panapouma ndo ulipokandamiza. Andika. Ikiuma uso mzima, pembe ilikua kubwa au povu lilikua kavu. Baada ya hapo mafuta mepesi yasiyo na manukato, basi.

Mkato mdogo bana na karatasi safi dakika tatu bila kuchungulia. Mkato unaofunguka mdomo, bana kwa nguvu dakika 10 na uende zahanati.

Wembe sasa. Usuuze, ufute kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kamwe sio kinyume chake, uuache wazi ukauke. Kabla ya kuhifadhi upitishe kwenye mkanda mara 10 kutoa unyevu uliojificha. Pwani hewa ina chumvi na unyevu, chuma cha kaboni kinashika kutu ya makali usiku mmoja, kwahiyo tone moja la mafuta ya cherehani, paka utando mwembamba. Mafuta ya nazi usiyatumie, yanaganda na kunata. Na usiuhifadhi bafuni.

Ukigonga makali kwenye bomba au sinki, hata kidogo tu, usinyoe nao. Uangalie kwa kioo cha kukuzia. Pengo dogo halionekani kwa macho ila shavu litaliona.

## Hatua ya 10: Lini mkanda umeshindwa

Umepiga turubai na ngozi ipasavyo, maji sawa, povu sawa, na bado unavuta mara tatu mfululizo. Hapo makali yamechoka yanahitaji jiwe.

Tafadhali usimpe fundi anayenoa visu kwa gurudumu la baiskeli. Panga na mkasi anavinoa vizuri na anastahili heshima yake, lakini gurudumu lile linachemsha chuma chembamba na kula mgongo, na wembe ukishapoteza uwiano wa mgongo na makali haulali tena sawa kwenye mkanda.

Kama makali hayana pengo, hulihitaji jiwe la namba 1000 (namba ikiwa kubwa jiwe ni laini zaidi), hilo ni la kuanzisha makali upya na watu wanamaliza wembe wao kwa kulikimbilia. Unahitaji kuamsha tu. Jiwe la namba 12000 au kipande cha ubao laini ulionyooka kabisa kilichopakwa dawa ya kijani ya oksidi ya kromiamu ya mikroni 0.5. Kwenye ubao unavuta kama mkanda, mgongo unatangulia, mara 10 kwenda na kurudi, uzito wa wembe tu. Kwenye jiwe ni kinyume, makali yanatangulia, maji juu yake, flati kabisa, na mgongo umebandikwa tepu ya fundi umeme tabaka moja usichakae.

Unataka kujua kama makali yote yanagusa jiwe? Chora makali kwa maka peni, pitisha mara mbili, angalia wino umetoka wapi. Ukibaki nchani, hujafika nchani. Ni kipimo cha bei ndogo na kimeniokolea wembe mara nyingi.

Baada ya jiwe mkanda wa ngozi mara 60, alafu nyoa shavu moja tu. Liache la pili. Kesho pima kwa kidole na kwa kumbukumbu ya daftari, kama shavu lile limenyamaza, nyoa uso mzima.